Gorogoro Moja kila Wiki

Ukumbi wa Sensei Barasa ulinuka mafuta taa. Hayakuwa mafuta taa ya stovu wala ya kandili, bali yale aliyoyachanganya mwenyewe na pilipili na kafuri ndani ya chupa ya soda, akayaita dawa. Aliyeteguka kifundo cha mguu alipakwa. Aliyechubuka mkono kwa kupiga pushapu za ngumi juu ya saruji alipakwa vilevile, juu ya kidonda kibichi, huku sisi wengine tukiamriwa kutazama tuone kama atakunja uso. Harufu hiyo iliingia katika nguo zetu nyeupe za karate na haikutoka. Mama alizifua kwa maji ya moto, akazianika siku nzima, na bado jioni zilinuka kama kibanda cha fundi wa baiskeli. Watu wengi wakikumbuka utoto wao husikia harufu ya mkate au ya mvua ya kwanza. Mimi nasikia mafuta taa, na taya zangu hukaza, kwa sababu ni harufu ya mtu niliyemchukia kwa miaka zaidi ya ishirini.

Ukumbi huo ulikuwa Kitale, nyuma ya kinu cha kusaga mahindi, katika jengo la mabati ambalo zamani lilikuwa stoo ya ushirika na Jumapili liligeuka kanisa. Ilikuwa mwaka wa 2004. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na mitatu, darasa la saba, mrefu na mwembamba kiasi kwamba waliniita Fito. Baba alikuwa mfanyabiashara wa nafaka na stoo yake ilikuwa mitaa mitatu kutoka hapo. Nyumbani kwetu aliishi pia Naliaka, binti wa baba yangu mdogo wa Naitiri, aliyeletwa asome mjini. Kwetu mtoto kama huyo haitwi binamu, ni dada tu, na nilikumbushwa jambo hilo kila nilipolalamika. Tulilala kitanda kimoja. Tulikuwa na umri mmoja, lakini yeye alikuwa na mapaja na mabega, na alikuwa na kicheko kikubwa kilichowafanya wageni wamtazame yeye kabla ya kunitazama mimi. Alinishinda katika kila kitu kilichohitaji mwili. Kisha alinisimulia jinsi alivyonishinda, kana kwamba sikuwepo.

Sensei alikuwa mtu wa Bungoma, mfupi, mwenye shingo nene, na mafundisho yake yote ya mwili yalitoka mahali pamoja: tohara. Mwaka huo ulikuwa mwaka wa tohara, na Agosti wavulana walikuwa wakizunguka vijijini na njuga mikononi wakiwaalika jamaa zao. Kila mtu wa kwetu anajua kinachotakiwa siku ile. Mvulana husimama wima mbele ya kisu, na asipepese jicho, kwa sababu akipepesa aibu itamfuata hadi uzeeni. Sensei aliichukua sheria hiyo ya dakika chache, ya asubuhi moja katika maisha ya mtu, akaigeuza sheria ya mazoezi ya kila siku. Maumivu yalikuwa kisu. Aliyesema anaumia alikuwa amepepesa jicho, na Sensei alimwita musinde mbele ya wote, jina wanaloitwa kwetu wale ambao bado hawajatahiriwa, hata kama ni mwanamume mwenye ndevu. Kwetu wasichana hawatahiriwi. Yeye hakuona hilo kuwa kizuizi. "Nyinyi wawili," alituambia mimi na Naliaka, "kisu chenu kiko hapa kwangu."

Kisu chenyewe kilikuwa hivi. Siku sita kwa wiki, baada ya shule, tuliruka kichura kuuzunguka ukumbi, mikono nyuma ya kichwa, makalio karibu yaguse visigino. Baada ya mizunguko kumi, tuliruka tena tukiwa tumebebana mgongoni. Kisha pushapu za ngumi hadi mtu aanguke kifudifudi. Kisha kuinua makopo ya mafuta ya kupikia yaliyojazwa saruji na kuunganishwa kwa bomba la chuma, yote yenye uzito mmoja, kwa mtoto wa miaka kumi na kwa kijana wa ishirini. Hakukuwa na siku ya kupumzika ila Jumapili, na hiyo ni kwa sababu waumini waliuhitaji ukumbi. Mateke na ngumi zenyewe, karate tuliyokuja kujifunza, tulizifanya mwishoni, miguu ikitetemeka, na Sensei alishangaa kwa nini mateke yetu yalikuwa ya chini.

Mwishoni mwa Agosti alitupanga mstari akatangaza kwamba kungekuwa na mashindano mjini Bungoma katikati ya Desemba. Angepeleka wavulana watano na msichana mmoja. Jumamosi moja kabla ya safari, mimi na Naliaka tungefanya mtihani: pushapu thelathini za ngumi, kisha kumbeba mwenzako mgongoni, kuchuchumaa naye hadi chini na kusimama, mara kumi na tano. Tukitoka sare, tungepigana.

"Lilian," akaniambia, "wewe unaweza kupiga pushapu ngapi?"

"Nne, Sensei."

"Ati nne!" Ukumbi mzima ulicheka, na kicheko cha Naliaka nilikisikia juu ya vyote. "Basi anza kumwombea mwenzako augue malaria."

Kwa Naliaka nafasi hiyo ilikuwa na uzito zaidi kuliko kwangu, nami nilijua. Baba yake hakupenda karate. Alituma ujumbe kwamba akipigana Bungoma, mbele ya watu wa ukoo, atakubali kuwa kuna maana na atamwacha aendelee kukaa kwetu. Asipochaguliwa, arudi Naitiri Januari akamsaidie mama yake shambani na kusoma shule ya kijijini. Naliaka alilisema hilo mezani bila wasiwasi, akitafuna, kama mtu anayezungumzia jambo lililokwisha. Mimi nililisikia kwa njia yangu. Nilisikia kwamba kuna njia ya kukipata kitanda changu peke yangu.

Nguvu nilizipata mahali ambapo Sensei asingetazama. Katika stoo ya baba, kiongozi wa maloda, yaani wapakiaji wa magunia, alikuwa Gitau, ambaye sisi watoto tulimwita Baba Shiru. Familia yake ilitoka Mkoa wa Kati zamani ikapata shamba dogo upande wa Trans-Nzoia. Alikuwa na miaka thelathini na kitu, mikono mirefu, na mdomo mchafu ambao baba aliuvumilia kwa sababu katika miaka kumi na minne ya kubeba magunia ya kilo tisini, Baba Shiru hakuwahi kukosa kazi hata siku moja kwa sababu ya mgongo. Hakupenda watoto wa matajiri, na kwake yeyote mwenye stoo alikuwa tajiri. Lakini Sensei alimchukia kuliko watoto hao wote. Wakati fulani Sensei alikuja kununua mahindi, akawatazama maloda wakipakia lori, akasema kwa sauti kwamba hizo si nguvu, hizo ni za punda, nguvu za mwanaume ziko ukumbini kwake. Baba Shiru aliteremsha gunia taratibu, akamkazia macho hadi akaondoka.

Kwa hiyo nilipomfuata nikamwambia kwamba Sensei amenipa mtihani na nataka kujua anavyobeba, alinitazama mikono kwanza.

"Hivi ni vijiti vya kuchokoa meno," akasema. "Na huyo Barasa wenu amesema nini?"

"Amesema niombe mwenzangu apate malaria."

Alitema mate pembeni. "Kuja Jumatatu. Usilete maswali mingi, na usilete machozi. Mimi si mama yako."

Nilichokutana nacho Jumatatu kiliniudhi. Nilitarajia gunia. Alinipa gunia tupu, akalitia gorogoro sita za mahindi, lile kopo la kupimia la kilo mbili hivi ambalo kila mama sokoni analijua, akalifunga kwa kamba. Kilo kumi na mbili. Niliona kama dharau. Akanifundisha namna ya kulikumbatia kifuani, mgongo ukiwa umenyooka, kisha kukaa nalo juu ya rundo la magunia na kusimama, nikitoa pumzi wakati wa kuinuka. Rundo lilikuwa refu, la magunia manne, kwa hiyo nilikuwa sishuki sana. "Kunja magoti, si mgongo! Wewe ni mtoto ama ni ndoano?" Pushapu nazo alinipigisha nikiwa nimeweka mikono juu ya rundo hilohilo, mwili umeinama kama ngazi iliyoegemezwa ukutani, na kwa mara ya kwanza maishani nilipiga kumi. Nilipotaka kuendelea alinisukuma bega. Kanuni yake ilikuwa kwamba loda huacha akiwa bado anaweza kubeba magunia mawili zaidi. Anayebeba hadi aanguke leo, kesho nani atabeba?

Kanuni zake hazikuwa nyingi, nami niliziandika zote katika daftari la jiografia, upande wa nyuma, kwa sababu tangu utotoni sijui kusikia jambo bila kuliandika. Siku tatu kwa wiki, Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na siku za katikati nisiguse gunia. Wiki ikiisha bila kuumia, ongeza gorogoro moja. Ukiumia kwenye kiungo, si kwenye nyama, toa mbili. Rundo la kukalia na la kuegemea lipunguzwe gunia moja kila mwezi, hadi mikono ifike sakafuni yenyewe. Usianze ukiwa baridi: kwanza zunguka stoo na gunia tupu begani hadi utoke jasho. Kula maharagwe na mayai, na mayai yapikwe. Hilo la mwisho lilikuwa la kumtukana Sensei, aliyewanywesha wavulana mayai mabichi alfajiri hadi mmoja wao akatapika kwenye madhabahu ya Jumapili. Na lala. Nilipouliza kwa nini kulala kunahusika, Baba Shiru alisema nguvu haiji ukiwa umebeba, inakuja usiku ukiwa umelala, na kama sitaki kuamini nimuulize punda.

Tatizo lilikuwa Sensei na siku zake sita. Nilimwambia baba kwamba stoo wananihitaji siku tatu kwa wiki, msimu wa mavuno unakaribia, na baba, ambaye hakupenda nirudi nyumbani nikinuka mafuta taa, alimwandikia Sensei barua. Ukumbini nikawa naenda siku tatu tu. Niliruka kichura nilipoonekana na kutembea polepole nilipogeuziwa mgongo. Sensei alinifuta mawazoni mwake, nami nilijificha ndani ya dharau yake kama mtu aliyejificha nyuma ya pazia.

Naliaka alinicheka kila Jumatatu. "Fito anaenda kubebea baba mahindi," aliwaambia wenzetu. "Bungoma watahitaji mtu wa kubeba mabegi yetu, si ndiyo?" Hakujua kitu. Nilikuwa nimemwambia nasaidia hesabu za magunia na kufagia. Septemba ilipoisha nilikuwa na gorogoro kumi. Oktoba, mahindi mapya yalipoanza kuingia na vumbi lake lilipokuwa likituwasha shingoni, rundo lilikuwa limebaki na magunia mawili, na nilikuwa napiga pushapu kumi na nane. Wiki moja kiwiko kiliniuma. Nikasema mara moja, na Baba Shiru akatoa gorogoro mbili bila maneno, na wiki iliyofuata kilikuwa kimepona. Nilishangaa jinsi jambo lilivyokuwa jepesi. Unasema naumia, mzigo unapunguzwa, unapona, unaendelea. Novemba nguo ya shule ilianza kunibana mabegani. Nilijitazama katika kioo cha kabati, mlango ukiwa umefungwa, nikaona msuli mdogo juu ya mkono wangu, kama yai la njiwa, na nikaufunika haraka kwa kanga kana kwamba nimeiba.

Wakati huohuo mwili wa Naliaka ulikuwa ukiharibika mbele yangu, nami ndiye niliyeona kila hatua. Yeye alienda ukumbini siku zote sita, na Sensei, kwa kuwa alimtegemea, alimwongezea. Akamfanya awabebe wavulana. Oktoba alianza kushuka kitandani kwa upande, akitanguliza mguu wa kushoto na kushika ukuta. Novemba goti la kulia lilikuwa limevimba, jembamba upande mmoja na nene upande mwingine, na asubuhi lilikuwa moto ukiligusa. Choo chetu kilikuwa cha shimo, na nilimsikia mle ndani akishikilia mlango kwa mikono miwili ili aweze kuchuchumaa, mabati yakilia. Alikaa muda mrefu. Alipotoka alikuwa na jasho juu ya mdomo, akanikuta nimesimama na ndoo ya maji. Alinikazia macho.

"Unaangalia nini, Fito?"

"Hakuna."

"Ukimwambia mama yako, nitakupiga."

Siku chache baadaye, tukivua viatu nje ya mlango, aliniuliza. Hakuuliza kwa ukali. Nadhani ndiyo mara ya pekee katika miaka miwili kwamba alizungumza nami bila kunipima kwa macho. Alikuwa amekaa kwenye ngazi, mguu wa kulia umenyooshwa mbele yake.

"Lilian. Wewe magoti hayakuumi?"

Daftari la jiografia lilikuwa ndani ya mkoba wangu, hatua moja kutoka kwake. Toa gorogoro mbili. Pumzika siku ya katikati. Kiungo kikiuma, acha. Maneno hayo yalikuwa na urefu wa pumzi moja.

"Yananiuma pia," nikasema. "Yanamuuma kila mtu. Ukinyamaza yanazoea."

Akaitikia kwa kichwa. Niliona ameridhika, hata amefarijika. Akasimama, akashika fremu ya mlango, akaingia ndani.

Jumamosi ya mtihani ukumbi ulikuwa baridi, kama Kitale inavyokuwa asubuhi hata Desemba, na wavulana walijipanga ukutani wakipuliza mikono. Naliaka alianza. Pushapu thelathini alizimaliza, akaongeza tano za maringo, na wakampigia makofi. Kisha zamu yangu. Nilipofika ishirini kelele za dhihaka zilipungua, na nilipofika thelathini wavulana walikuwa wameacha kupuliza mikono. Sensei alinisogelea akanitazama mikono kama mtu aliyeuziwa kitu kilichofungwa. "Ulikuwa unajificha wapi wewe?" aliuliza. Naliaka hakunitazama.

Akaamriwa anibebe. Nilipanda mgongoni mwake, nikamshika shingoni, na kifua changu kikawa juu ya moyo wake uliokuwa ukienda mbio. Alishuka mara ya kwanza akasimama. Ya pili, ya tatu. Kila aliposhuka nilisikia kupitia mwili wake msuguano mdogo, kama punje kavu zinazosuguliwa ndani ya kiganja. Sensei alikuwa akihesabu kwa sauti. Mara ya sita alishuka, na alipoanza kupanda goti la kulia lilikatika chini yetu kwa mlio wa bua linalovunjwa, na tulianguka wote wawili, mimi juu yake. Hakulia. Hilo ndilo ninaloliona hadi leo: uso umegeukia saruji, macho wazi kabisa, bila kupepesa.

"Simama!" Sensei alipiga kelele. "Simama, we musinde! Watu wanakuangalia!"

Akasimama. Alisimama kwa mguu mmoja, akamtazama Sensei usoni. Sensei akaleta chupa yake ya soda akampaka goti lile, akilikanda kwa kidole gumba, na Naliaka akakaza shingo hadi mishipa ikatoka. Kisha Sensei akanigeukia. "Na wewe, mbebe. Mtihani haujaisha."

Ningeweza kukataa. Nimejiambia mara nyingi kwamba nilikuwa mtoto, na kwamba mtu mzima ndiye aliyetoa amri, na yote mawili ni kweli. Nilimbeba. Mguu wake wa kulia ulining'inia pembeni yangu, nami nikauzungushia mkono usiyumbe. Alikuwa mwepesi kuliko nilivyodhani, amekonda. Nilishuka na kusimama mara kumi na tano, mgongo umenyooka, nikitoa pumzi kila nilipoinuka kama nilivyofundishwa, na katika kila moja nilisikia pumzi yake sikioni mwangu, imekatwa kwa meno. Mara ya mwisho niliposimama Sensei alisema, "Bungoma ni Lilian." Hakuna aliyepiga makofi.

Bungoma nilishinda pambano la kwanza na kushindwa la pili, na msichana wa Webuye ambaye alinipiga teke la ubavu kabla sijainua mkono. Watu wa ukoo walikuja kutoka Naitiri, baba yake Naliaka akiwa miongoni mwao, amevaa koti. Aliniuliza, kwa heshima, binti yake yuko wapi. Nikamwambia ameumia kidogo. Goti la Naliaka lilikuja kutazamwa na daktari baada ya Krismasi, na daktari alisema kilichokatika ndani kilipaswa kutengenezwa kwa upasuaji ambao haukufanyika pale, na kwamba lilikuwa limechakaa muda mrefu kabla ya kukatika. Januari akarudi Naitiri. Nikalipata kitanda changu. Baba Shiru alipopata habari aliacha kazi katikati ya siku, akaenda ukumbini, na wanasema alimwambia Sensei mbele ya wanafunzi wake wote kwamba punda ana akili, punda akiumia hulala chini. Sikurudi ukumbini baada ya hapo, na nilimwambia kila aliyeuliza kwamba sitaki kuonana na mtu yule.

Siku hizi Kitale kuna vyumba vya mazoezi vyenye vioo ukuta mzima na muziki unaosikika barabarani. Vijana wa kike hunyanyua vyuma bila mtu kuwaita wanaume, na simu zao huwakumbusha siku ya kupumzika. Mambo ambayo Baba Shiru aliyajua kwa mgongo wake yameandikwa kwenye mabango ukutani, na hakuna anayeyaona kuwa siri. Mwaka jana nilisikia kwamba wanafunzi wa zamani wa Sensei Barasa wanaandaa sherehe ya kumshukuru, na kwamba watatoa hotuba kuhusu nidhamu. Hasira yangu iliamka ikiwa nzima, kama kitu kilichohifadhiwa vizuri. Niliamua kuandika alichokifanya. Nilienda Naitiri, wakati wa shughuli ya mahari ya mdogo wetu, nimebeba daftari, nikamtafuta Naliaka ili anisimulie kwa maneno yake.

Nilimkuta nyuma ya jikoni. Wanawake wengine walikuwa wamekaa kwenye vigoda wakichambua maharagwe, yeye alikuwa kwenye kiti kirefu cha mezani, mguu wa kulia umenyooshwa. Amenenepa, ana watoto wanne, na kicheko chake bado ni kikubwa. Nilimweleza nilichotaka. Alisikiliza hadi mwisho bila kuacha kuchambua.

"Sasa unataka niseme nini?" akauliza.

"Sema alivyokuumiza. Watu wamjue."

"Sensei alikuwa mjinga, bana. Alifikiri anatujenga. Hata yeye magoti yake yameisha, hujamwona akitembea? Alijifanyia hivyohivyo." Akaokota jiwe katika ungo, akalitupa. "Mimi Sensei sikumuuliza kitu. Wewe nilikuuliza."

Wanawake wale walikuwa wakizungumza habari za mbolea. Mmoja alicheka kitu. Nilikuwa na jibu, la mtoto wa miaka kumi na mitatu, la kitanda, la jina Fito, na lilikuwa jibu dogo sana kulitoa mbele ya goti lile. Nikafunga daftari. Kutoka uwanjani walianza kuita kwamba wageni wameonekana barabarani, na Naliaka akaweka ungo chini, akanyoosha mkono wake kwangu bila kunitazama, kama mtu anavyonyoosha mkono kwa yeyote aliye karibu.

Nilikunja magoti, nikaweka mgongo sawa, nikamwinua. Alikuja juu kwa mara moja, bila shida yoyote kwangu.

"Bado una nguvu," akasema, na hakuwa akinisifu.